Gundi ya mpira kwa masikio ya mtoto wa mbwa: nimeitumia miezi minne

Doa wangu ni Shetland Sheepdog. Kwa mbwa wa aina hii sikio linatakiwa lisimame robo tatu, ncha iangukie mbele. Alipofikisha wiki 11 la kushoto lilikuwa limekaa vizuri kabisa, ila la kulia likasimama wima kama la mbweha. Nikasubiri wiki nzima lishuke, wapi.

Nilianza na plasta ya kitambaa, na hilo najutia hadi leo. Ilikaa siku mbili tu, na kuibandua kukang'oa manyoya. Alilia, kisha kwa siku kadhaa akawa anakwepa mkono wangu kila ukikaribia kichwa chake.

Ndipo nikahamia kwenye gundi ya maji inayotokana na utomvu wa mpira, ile ya kubandikia vitambaa. Hii imenifaa. Nafuta upande wa ndani wa ncha kwa pamba yenye spiriti kidogo ili kuondoa mafuta, naacha pakauke, halafu napaka gundi kiasi cha punje ya hindi. Ikianza kunata nakunja ncha na kuishikilia dakika tano, huku mtu mwingine akimpa Doa chakula chake kidogo kidogo ili atulie. Gundi ishike manyoya, isikae kwenye ngozi, na tundu la sikio libaki wazi lipitishe hewa. Mwanzoni nilikunja chini mno, sikio zima likalala. Ilibidi nibandue nianze upya.

Inadumu kama wiki mbili, kisha manyoya yanakua nayo inalegea. Kuitoa mapema si kuivuta: nalowesha kwa mafuta, nasubiri dakika kumi, naichambua kwa vidole. Doa hatikisi hata mkia.

Kasoro yake ni harufu ya amonia, kali kweli. Fungua madirisha. Pia kagua kila siku: safari moja niliona wekundu kwenye mkunjo, nikaitoa na kupumzisha sikio siku tano hadi ngozi ikatulia. Ukisikia harufu mbaya au akijikuna sana, mpeleke kwa daktari wa mifugo.

Jambo ambalo sikulitarajia ni meno. Alipoanza kuyabadili, kwenye miezi minne, hata lile sikio la kushoto lililokuwa jema likapanda juu! Walioacha gundi wakati huo nawaelewa, maana unaona kama kazi yote imepotea. Mimi niliendelea, sasa masikio yote mawili, mpaka meno ya ukubwani yalipokamilika akikaribia miezi saba.

Hii ni kwa ajili ya sura tu, afya yake haihusiki, na German Shepherd wala asiguswe, yake yanatakiwa yasimame. Lakini kwa Doa ningeinunua tena. Ana miezi tisa, gundi ya mwisho ilidondoka yenyewe wiki nane zilizopita, na ncha zote mbili bado zimeangukia mbele.