Wikendi ya gofu kabla ya harusi: viwanja vitano, na ningeanza na kipi

Mpambe hukabidhiwa vitu viwili: pete, na siku za mwisho za ujana wa bwana harusi. Pete haina shida, inakaa mfukoni. Zile siku mbili tatu za kumuaga ndizo zinazoweza kuleta maneno, hasa bwana harusi akiwa mgonjwa wa gofu na nusu ya marafiki zake hawajawahi kushika fimbo.

Nimeshapanga safari hizi mara nne, na msimamo wangu ni huu: kiwanja kichaguliwe kwa kumfikiria asiyecheza. Mchezaji atafurahi popote penye mashimo 18 na nyasi zilizotunzwa. Asiyecheza ukimwacha kwenye veranda saa tano akichezea simu, jioni atakuwa amenuna, na mnung'uniko wa mtu mmoja huenea meza nzima. Sharti la pili ni kulala palepale mnapocheza, au umbali wa dakika chache. Kundi la vijana kumi, vinywaji, na barabara usiku: hapo sina mjadala na mtu. Mmoja wenu anaoa wiki ijayo, arudi kwao mzima.

1. Diani

Kwa kundi mchanganyiko, Diani haina mpinzani. Kiwanja cha Leisure Lodge kina mashimo 18, kiko ndani ya eneo la hoteli, na bahari iko ng'ambo ya barabara. Wanaocheza wakiondoka alfajiri, wenzao wanalala mpaka jua liwachome, kisha wanateremka ufukweni. Pepo zikiwa nzuri kuna kuteleza mawimbini kwa tiara. Wanaopenda samaki na matumbawe wanapanda mashua Shimoni kwenda hifadhi ya bahari ya Kisite, hiyo ni siku nzima. Saa saba mchana wote mnakutana mezani, kila mtu ana la kusimulia.

Uwanja wenyewe una miti mingi na vivuli, tambarare kiasi, hauwaonei wanaoanza. Fungeni mifuko yenu vizuri. Kuna tumbili pale wanaojua zipu. Nilimwona mmoja akishuka mwembeni, akafungua mfuko wa pembeni wa begi la shemeji yangu, akatupa glavu, akatupa mipira miwili, akachukua ndizi, akairudia ile glavu kuinusa, ndipo akapanda zake. Kedi wetu, yaani mbeba fimbo, hakushtuka hata kidogo. Aliokota glavu, akaifuta kwenye suruali, akasema, "Huyu tunamjua, bosi."

Usafiri umekuwa rahisi kuliko zamani. Kutoka Nairobi mnapanda treni ya SGR hadi Miritini, mnakodi gari dogo la abiria, mnapita barabara ya Dongo Kundu bila kuiona foleni ya feri ya Likoni. Ndege za kutua Ukunda ni za haraka zaidi, lakini zile ndogo hukaza sana kwenye uzito wa mizigo, na begi lenye fimbo zote 14 si jepesi. Ulizeni kabla ya kulipa tiketi.

2. Vipingo Ridge

Kama kundi lote linacheza, Vipingo inapanda namba moja. Iko kaskazini ya Mombasa, njia ya kwenda Kilifi, juu ya kilima kinachoitazama Bahari Hindi. Uwanja wake wa Baobab uliochorwa na mbunifu wa viwanja David Jones ndio mzuri kuliko wote niliowahi kukanyaga Afrika Mashariki. Desemba 2019 wanawake wa ziara ya gofu ya Ulaya walimalizia msimu wao hapa, na Mjerumani Esther Henseleit akaondoka na kombe.

Ugumu wake ni upepo. Kaskazi na kusi haziusukumi mpira upande mmoja, kwa hiyo aliyecheza Januari akirudi Julai atakuta kama uwanja mwingine. Muda mwingi nimewasikiliza makedi wa pale, na kwenye grini, zile nyasi fupi zinazozunguka shimo, neno lao ni moja. Bwana harusi wetu alikuwa amechuchumaa, jicho moja limefumbwa, akiusoma mteremko kwenda kulia. Kedi, mzee mwenye kofia iliyopauka, aliweka kidole chake ardhini upande wa kulia wa shimo. "Usiyaamini macho, bosi. Bahari iko kule kushoto." Bwana harusi akapiga kulenga pale kwenye kidole. Mpira ukapinda taratibu kuelekea baharini ukaingia, na yule mzee akapokea mikono ya watu wanane kana kwamba yeye ndiye anayeoa.

Kwa nini basi nimeiweka ya pili? Kwa sababu ni mahali pa utulivu. Nyumba za wageni zimo ndani ya mtaa wa gofu, pundamilia wanapita, usiku kimya. Anayetaka muziki aende Kilifi au Mtwapa, na hapo mnarudi kwenye yale mambo ya barabara usiku. Kodini dereva wa kukaa nanyi mwanzo hadi mwisho, na bei yake iingie kwenye hesabu tangu siku ya kwanza.

3. Naivasha

Hii ni ya kundi la Nairobi lisilo na siku tatu. Great Rift Valley Lodge iko kwenye mteremko wa Eburru, zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na ziwa mnaliona chini kama sahani. Hewa ni nyepesi, mpira unaruka mbali kuliko mlivyozoea pwani, kwa hiyo kila mmoja wenu atajiona bingwa. Wasiocheza wakodishe baiskeli Hell's Gate, ambako inaruhusiwa kuendesha katikati ya swala na twiga, au wapande mashua ziwani. Bebeni masweta. Usiku wa Naivasha una baridi ambayo watu wa Mombasa hawaiamini mpaka iwafikie.

4. Usa River, Arusha

Kwa kundi la Tanzania ningesema Kili Golf, kati ya Arusha na Moshi, si mbali na uwanja wa ndege wa Kilimanjaro (KIA). Na huu pia ni kazi ya David Jones, mashimo 18. Mlima Meru umesimama karibu kabisa, na asubuhi mawingu yakikubali Kilimanjaro inajitokeza upande wa pili. Wasiocheza wana Hifadhi ya Arusha karibu, na maji ya Chemka kule upande wa Boma Ng'ombe: masafi, ya uvuguvugu, na kamba ya kujirusha kama watoto. Kundi la Dar likitaka bahari, kuna mashimo 9 ya Sea Cliff kule Mangapwani, Zanzibar. Yanatosha kwa kundi ambalo gofu kwao ni kionjo tu.

5. Nairobi

Viwanja vyake vina heshima ya miaka mingi. Mashindano ya Kenya Open yalianza 1967, na Mhispania Seve Ballesteros aliyashinda 1978 akiwa bado kijana. Lakini bwana harusi akiwa anaishi Nairobi, simu ya kazini itamfuata. Mkilazimika, laleni Windsor, ambako hoteli na mashimo 18 viko pamoja.

Kabla ya kulipa

Jumamosi asubuhi vilabu vingi huwa na mashindano ya wanachama. Niliwahi kufikisha kundi saa nne asubuhi kwenye klabu moja ya bara bila kuthibitisha saa yetu. Tuliingia uwanjani saa nane na nusu. Jua huku kwetu huzama karibu saa kumi na mbili na nusu, na bwana harusi alikuwa anaelekea kupata hesabu bora ya maisha yake. Kwenye shimo la 14 alipiga mpira gizani, tukausikia ukigonga mti, basi. Tangu siku hiyo nachukua Ijumaa mchana au Jumapili, na kwa makundi matatu ya watu wanne siruhusu kuanza baada ya saa saba.

Ulizeni ada za aina zote: mgeni wa mwanachama, mkazi, mgeni wa nje. Tofauti ni kubwa, na mmoja wenu akiwa mwanachama wa klabu yenye makubaliano na hiyo mnayokwenda, kundi zima linapumua. Ulizeni kama kedi na kigari vimo ndani ya bei au vinalipwa kando. Shati liwe na kola, suruali isiwe ya jinzi.

Wasiojua kucheza wachanganyeni na wanaojua, wanne wanne. Kila mmoja apige, mchague mpira uliokaa vizuri, wote mpige tena kutoka hapo. Mgeni wa gofu akipiga mmoja tu ukanyooka, timu inautumia, na atausimulia mpaka siku ya harusi.

Fedha zikusanywe mwezi mmoja kabla, fungu la bwana harusi ligawanywe kwa wenzake kimyakimya. Na asante ya makedi itengwe mapema kwenye bahasha, noti ndogondogo, akabidhiwe mtu asiyekunywa.