Vinasaba au isotopu: tupime nini kwenye mifupa ya kale?

Ubishi huu hauishi kati ya wanafunzi wa akiolojia pale Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Kwa swali la asili, vinasaba havina mpinzani. Utafiti wa mwaka 2023 uliohusisha makaburi ya Kilwa ulionyesha kuwa wengi waliozikwa pwani walikuwa na asili ya Kiafrika, hasa upande wa mama, na ya Kiajemi upande wa baba.

Gharama lakini ni kubwa, na joto na unyevu wa pwani yetu huharibu vinasaba. Hapo isotopu, yaani atomi za elementi moja zinazotofautiana uzito, zinashinda. Enameli, gamba gumu la nje la jino, hujengeka utotoni na haibadiliki tena, hivyo strontiamu iliyomo, elementi itokayo kwenye miamba na kuingia mwilini kwa chakula na maji, hueleza mtu alikulia kwenye miamba ya aina gani. Kaboni nayo hutenganisha mla mtama na mla wali, hata ng'ombe wa nyasi na mbuzi wa vichakani.

Vipimo vyote hula sehemu ya mabaki, na hilo linaniuma, kwani hawa walikuwa watu. Una jino moja na unauliza safari au chakula? Anza na isotopu. Unatafuta undugu, na mfupa mgumu wa sikio la ndani umesalia? Vinasaba.