Nimefuma wiki tatu, nimefumua jioni moja

Naandika nikiwa bado na hasira, mnisamehe. Hivi vitabu vya kufuma kroshia vya Kijapani mnavyovisifia kila siku, mimi vimenitoa machozi.

Wifi yangu anaishi Osaka. Aliniletea viwili alipokuja likizo, nadhani masika yalikuwa hayajaanza. Kijapani sijui hata herufi moja. Akasema, "Wifi, humu husomi, unaangalia tu." Na kweli, siku za mwanzo nilimwombea dua. Kila mshono una alama yake kwenye mchoro: cheni ni kiduara kirefu kama punje ya mchele, singo ni msalaba mdogo, dabo ni T yenye kistari kimoja kwenye shina, kikiongezeka cha pili ni trebo. Mliozoea maelezo ya Kiingereza mnaijua tabu: dabo ya Mwingereza ni singo kwa Mmarekani, unafika nusu ya kazi ndipo unagundua umefuata nchi siyo. Hapa T ni T. Nilishajua hadi pembetatu nyeupe ni kuanza uzi na nyeusi ni kukata. Nikawa najigamba mtaa mzima.

Basi nikaanza kitambaa cha meza, kiendane na vile vya makochi alivyoniachia mama. Kuna maua ya dabo tatutatu yanayokaa juu ya matao ya cheni. Nikawa nachoma sindano katikati ya cheni, kila dabo, taratibu kama fundi saa. Mzunguko wa kumi na kitu, kitambaa kikaanza kujivuta. Matundu yote yakaenda upande. Nikakilowesha, nikakibana kwa pini kwenye godoro, nikakipiga pasi. Wapi! Kila nikikiweka mezani kinanyanyuka pembeni kama chapati iliyounguzwa.

Nikamtumia wifi picha. Jibu: "Mbona imechorwa hapo? Angalia miguu." Na emoji tatu za kucheka.

Miguu! Nikatafuta miwani. Kumbe alama ya zile dabo tatu iko namna mbili. Miguu ikikutana chini, unachoma ndani ya mshono mmoja. Miguu ikiachana, huchomi cheni kabisa, unapitisha sindano chini yake na kuizungushia uzi. Tofauti yenyewe kwenye mchoro ni upana wa unywele. Hivi kilichowashinda kuichora kubwa ni nini? Mtu unafumua wiki tatu za kazi kwa sababu ya unywele?

Msinunue. Nilikuwa nimeshaamua kuandika hivyo, na nyota moja, tena ya huruma.

Ila niseme ukweli. Kurasa za mwisho kuna picha za mikono, hatua kwa hatua, na hilo la miguu lipo. Nililipita. Niliona ni mambo ya wanafunzi, na mimi nafuma tangu darasa la tano, nani anifundishe? Kwa hiyo sijui tena nimkasirikie nani. Nyota tatu basi. Au nne, moja naikata kwa ajili ya zile emoji, ingawa kitabu hakihusiki.

Jana usiku nimefika mzunguko wa nane. Kimelala mezani, hakuna pembe hata moja iliyonyanyuka. Wifi sijamtumia picha, na simtumii.