setterm au tput? Mi naona hivi

Jamaa wengi huku Mtwara wananiuliza kwenye skrini nyeusi ya Linux utumie amri ipi, setterm au tput, maana zote zinabadilisha rangi na zote zinaficha kasa (kile kialama kinachoonyesha unapoandika).

Nianze na setterm, hii inakuja na util-linux (kifurushi cha zana za msingi za Linux) na kazi yake hasa ni ile konsoli yenyewe ya mashine, sio dirisha la terminali (lile unalofungua kwenye desktop kuandikia amri). Tuna kompyuta kuukuu ghalani Mikindani, msimu wa korosho inaonyesha uzito wa magunia kutwa nzima, sasa skrini ilikuwa inazima kila dakika kumi watu wanadhani umeme umekatika (na huku kwetu usiwalaumu), nikaandika setterm --blank 0 basi, haizimi tena. Ukitaka maandishi ya kijani moja kwa moja, setterm --foreground green --store, hata amri ya reset haiifuti. Ila ukiingia kwa SSH (kuingia kwenye mashine ukiwa mbali kupitia mtandao) toka nyumbani amri itaishia kwenye terminali yako, kwahiyo ukiwa root (msimamizi wa mashine) andika TERM=linux setterm --blank 0 > /dev/tty1, hiyo tty1 ndo konsoli ya mashine.

tput ni ya ncurses (maktaba ya programu za skrini ya maandishi), yenyewe inasoma TERM, yaani jina la aina ya terminali yako, alafu inatafuta kodi sahihi kwenye terminfo, hifadhi ya kodi za kila terminali, ndo maana skripti yako itaenda popote. tput setaf 2 kijani, tput sgr0 unarudisha, tput cols inakupa upana. Kuzuia skrini isizime haiwezi.

Kwa skripti mi natumia tput tu, setterm naiacha kwa ile mashine ya ghalani.