Straika mkongwe: abaki au auzwe dirisha dogo la usajili, katikati ya msimu?

Kwa timu ya mkoani kama Namungo ya Ruangwa, mkongwe ana faida isiyoonekana kwenye takwimu. Ameshacheza Kwa Mkapa, uwanja mkubwa wa Dar, bila magoti kutetemeka, na mkiongoza bao moja dakika ya 85 yeye ndiye anayejua kuupoza mpira. Vijana wanamsikiliza, wakati mwingine kuliko kocha.

Kumuuza? Mshahara mkubwa unapungua, kinda anapata namba. Ila mwenye miaka 34 aliyebakiza mkataba wa miezi 6 ni kama korosho zilizonyeshewa: bei unapangiwa.

Mimi ningembakiza, hata kama ni kutokea benchi. Kushuka daraja si mchezo: Ndanda ya Mtwara ilishuka 2020, na huko bado inauma.