TAHADHARI: muuza mashine za gari za "kutoka Japani" aliyenidhulumu, soma kabla hujatoa pesa yako

Assalamu alaikum ndugu zangu. Naandika huku mikono inanitetemeka. Wallahi kama si dada zangu wawili kunambia nisinyamaze, aibu ingenifunga mdomo na yule mtu angeendelea kula pesa za watu hapa Unguja. Na kwa kuwa baadhi yenu mumeniuliza dalili za mashine mbovu, nimeziandika kule mwisho.

Gari ni Toyota Carina ya marehemu Baba, ambayo sikuiuza. Imeshatembea kilomita 387,000. Mashine yake, yaani injini, ya aina ya 5A, ilikuwa inakula oili lita nzima kwa wiki, na asubuhi nikiiwasha jirani anafunga dirisha kwa moshi wa buluu. Fundi wangu akanambia wazi: "Mwalimu, tuifungue hii hii. Tutie ringi mpya, beringi, sili za valvu, hedi tuipeleke ikasawazishwe. Laki saba na nusu inatosha." Mimi nikaona laki saba na nusu kwa chuma kilichochoka ni kupoteza, bora niongeze nipate mashine nyengine iliyotembea kidogo. Zamu yangu ya upatu ilikuwa imefika. Nikaanza kuulizia, na aliyenielekeza kwa huyu muuzaji ni mtu ninayemheshimu, naye pia hakujua, simlaumu.

Nilikwenda Jumamosi, baada ya adhuhuri. Fundi alikuwa na homa, hakuja. Nilifuatana na mtoto wa kaka yangu, kijana wa miaka 19, na yeye gari anaijua kuiendesha tu. Banda lina mashine kama kumi zimepangwa juu ya matairi makuukuu, zote safi, zimepigwa rangi ya fedha, zinameta. Mzee mwenyewe kakaa kwenye kigoda, kanzu nyeupe, kofia ya viua, tasbihi mkononi. Aliponiona akainuka. "Karibu mwanangu, karibu kivulini, jua kali." Akamtuma kijana aniletee maji. Nikamuuliza bei nikiwa bado nimesimama, akanambia, "Kaa kwanza, mwanangu, biashara haina haraka." Akaniuliza kwetu wapi. Nilipomtajia jina la babu yangu akapiga mikono, akasema kasoma naye chuoni, akanitajia mpaka msikiti. Nami nikamwita ami kuanzia hapo mpaka mwisho.

Akanionesha 5A. "Hii imeshuka wiki iliyopita, ya Japani, kilomita 62,000, haijaguswa na fundi wa hapa." Nikamwambia nataka kuisikia. Hakusita hata kidogo, na hilo ndilo lililoniua. Vijana wawili wakaleta betri, dumu la petroli lenye pampu ndani, na kontroli boksi, ile kompyuta ya mashine, inaning'inia kwa waya. Wakafunga, mmoja akagusisha waya wa stata. Ikashika papo hapo, mara moja tu. Mlio mkubwa, kwa sababu haina bomba la moshi, moto unatoka moja kwa moja kwenye manifodi, hatusikilizani. Yeye ananiinamia sikioni anapiga kelele: "Unasikia, mwanangu? Unasikia ilivyo nzito?" Mimi nasema naisikia. Haikufika dakika moja akapiga mkono wazime. "Haina maji ndani, tukiiacha itachemka, nitakuwa nimekuuzia mali mbovu." Nikaona huyu kweli ni mtu wa amana, anaichungia mashine kabla haijawa yangu!

Nilipoinyooshea mkono kuigusa nikaikuta ya moto sana, kama kitu kilichokuwa kikiwaka muda mrefu, si chini ya dakika moja. Nikamuuliza, "Ami, mbona ya moto hivi?" Akanambia kabla yangu kaja mteja kutoka Mahonda, kaijaribu, kakosa pesa. Nikanyamaza. Jibu lile nimelirudia kichwani usiku kwa usiku.

Bei 1,800,000. Tukashuka mpaka 1,650,000, na akasema akichukua mashine yangu kuukuu atanipunguzia laki na nusu tena, maana "ile haina kazi kwako, itakuchafulia uwanja tu." Nikakubali. Waadhini wakaadhini alasiri, akaacha mazungumzo katikati, akaenda kusali, kaniacha mimi na pochi yangu kwenye banda lake. Mtu kama huyo utamdhania nini? Aliporudi nikamtumia 1,500,000 kwa simu. Jina lililotokea halikuwa lake, lilikuwa la mwanamke. Akasema la mkewe. Risiti akaandika kwa mkono wake kwenye karatasi ya daftari: "Mashine 5A, waranti mwezi 1, isifunguliwe." Tukaipakia kwenye Carry, kile kigari cha mizigo.

Fundi alipopona akaifunga kwa siku mbili, mashine ya Baba ikateremshwa, vijana wa yule mzee wakaja kuichukua Fuoni siku ile ile, magharibi. Haraka yao ile ningeizingatia! Fundi aliniuliza mara moja tu, "Mwalimu, hii rangi wameipaka ya nini?" nikamjibu kwa ukali kwamba nimeshalipa.

Siku nne za mwanzo ilikwenda vizuri. Siku ya tano nikaona taa ya oili inapepesa nikisimama kwenye mataa, gari ikiwa imeshapata moto. Siku ya saba, moshi. Siku ya tisa narudi kutoka skuli Kitogani, ndani nimewapakia watoto watatu wa mwalimu mwenzangu. Tumeingia msitu wa Jozani, nikapunguza mwendo kwenye matuta, nilipokanyaga mafuta tena nikasikia mashine inagongwa. Ko, ko, ko, kama mtu yumo chini ana nyundo. Nikasema ni jiwe. Mara ikazidi, nikakaza mikono, ukatoka mlio mmoja mkubwa na gari ikafa pale pale. Jua limeshazama, mtoto mdogo analia, nje kima wanapiga kelele juu ya miti. Tulikaa saa moja na nusu mpaka daladala moja ikatuvuta mpaka Tunguu. Dereva wake alikataa pesa, Mungu amzidishie.

Fundi akaifungua mbele yangu, uwani kwetu. Alipofungua sampo, lile bakuli la oili chini ya mashine, oili ikashuka nzito kama asali ya nyuki, si oili ya mashine, ni ya gia. Wameitia nzito ili mgongano usisikike na moshi usitoke mapema. Akachovya kidole, akakigeuza kwenye mwanga, kikameta chembechembe kama vumbi la shaba. Beringi ya konrodi, ule mkono wa pistoni, ya silinda ya 3 imekwisha, imebaki kama karatasi ya sigara. Ringi zimelegea. Sisi tulikuwa tumeshaelewa hapo, lakini bado.

Akafungua kifuniko cha taiming belti, kile cha plastiki. Nje kimepigwa ile rangi ya fedha. Akakigeuza ndani, akatulia, akanipa bila ya kusema neno. Ndani kumeandikwa kwa kalamu nene, kwa Kiswahili: BELTI MPYA 18/3/2016 KM 291,400.

Mashine "iliyoshuka wiki iliyopita kutoka Japani, haijaguswa na fundi wa hapa." Nilikaa chini kwenye mchanga. Belti ile imefungwa na mtu wetu wa hapa, miaka yote hiyo iliyopita, na mashine imeendelea kutembea mpaka ikachoka, ikaoshwa, ikapakwa rangi, nikauziwa mimi mtoto wa watu.

Nikaenda naye fundi na kile kifuniko. Yule mzee hakuniita mwanangu tena. Hakunikaribisha kivulini. Alikiangalia kifuniko akasema hakijui, labda fundi wangu kakitoa kwenye gari nyengine. Kisha akatoa hoja yake: "Karatasi imesema isifunguliwe. Nyinyi mumeifungua. Waranti imekufa." Nikamwambia, ami, imekufa barabarani na watoto ndani, tungejuaje bila ya kuifungua? Akasema fundi wangu hakutia oili. Nikalia pale pale mbele ya wanaume, na sioni haya kulisema, nililia. Nikamwambia basi nirudishie angalau mashine yangu ya zamani. Akasema imeshauzwa.

Nimepeleka kwa sheha wake, kaitwa mara mbili hakutokea. Simu haipokei nambari yangu. Nimeandikisha polisi pia, nimepewa nambari ya faili. Jina silitaji hapa kwa sababu shauri liko njiani na nimeambiwa nisilitaje, lakini atakayenipigia akitaka kununua mashine mjini nitamwambia kwa mdomo wangu.

Mtu huyu afungiwe lile banda. Afungwe. Asiachiwe kwa dhamana ya kanzu na tasbihi. Anatumia adhana kuibia watu, jamani, adhana! Angeniuzia mbovu akanambia mbovu, kwa bei ya mbovu, nisingekuwa na neno. Ningekufa Jozani na watoto wa watu wale ningewajibu nini wazee wao? Waliomzunguka pale, wale vijana wa betri, wanaopaka rangi, nao wachukuliwe, maana wanajua. Mwenye kumkodisha banda anajua. Hasbiyallahu wa ni'mal wakil, na nitaendelea kulisema kila Ijumaa mpaka haki yangu irudi. Walio na jamaa kwenye vyombo vya sheria naomba msinisaidie kwa upendeleo, nisaidieni tu lile faili lisilale.

Mumeniuliza dalili. Ninazozijua sasa ni hizi, na nimezijua kwa gharama. Ukifika ukaikuta imeshapata moto, ondoka, ilipashwa moto ili ishike kirahisi na ubovu ufichike. Nenda asubuhi, iguse, iwe baridi, iwashwe mbele yako. Uchomoe kijiti cha oili uitazame inavyodondoka, ikishuka polepole kama asali usinunue. Kifuniko cha oili kikiwa na utando wa rangi ya chai ya maziwa, maji yanaingia, ondoka. Rangi mpya kwenye chuma cha miaka 25 ni ya kufichia. Mlio bila ya bomba la moshi hauwezi kukuonesha mgongano, mimi nilipigiwa kelele nikadhani ni nguvu. Fundi aje na kipimo cha kompresheni, yaani mgandamizo wa hewa ndani ya silinda, kila silinda ipimwe, zisipishane sana. Fundi wangu anasema 5A nzima hufika karibu psi 190 na ikishuka chini ya 140 haina maisha. Akiwa na homa, subiri apone. Jina la simu likiwa si la muuzaji, usitume. Na nambari ya mashine iandikwe kwenye risiti, maana baadaye lazima ilingane na kadi ya gari. Yangu haikuandikwa, na mimi sikuidai.

Kuna jambo moja bado, na kwangu ndilo kubwa kuliko ile milioni na nusu. Mashine ya Baba iko huko nje. Yeye mwenyewe aliifungua mara mbili uwani kwetu, sisi watoto tukimshikia taa. Najua wataipaka rangi ya fedha kama walivyoipaka yangu, na mtu ataambiwa imeshuka wiki iliyopita. Itambueni hivi: kishikio cha altaneta kilivunjika, Baba akakiunganisha kwa weldi, mshono ni mnene, umepinda kama herufi S, na chini yake alipiga tundu moja la ziada kwa makosa akalifunga kwa boliti ya shaba. Rangi haifichi mshono ule, utaupapasa kwa kidole. Ukiikuta, usinunue na usigombane nao. Nipigie nije nayo karatasi ya sheha, saa yoyote, hata usiku.