Wameuliza yote isipokuwa upishi

Hii ni tovuti ya wakala mmoja wa ajira hapa Arusha, anayezitafutia kambi za watalii wapishi, wahudumu na madobi. Jina lake silitaji, bado nahitaji kazi.

Nianze na sifa, maana zipo. Inafunguka vizuri hata kwenye simu ndogo, haili bando, hawadai hela ya fomu, na picha ya cheti changu cha VETA ilipanda mara moja.

Balaa ni maswali. Nafasi niliyoomba ni ya mpishi wa kambi, Serengeti. Ukurasa wa kwanza jina, simu, namba ya NIDA. Sawa. Wa pili: kabila, dini, urefu, uzito, kazi ya baba. Hapo kwa baba unachagua kwenye orodha: mkulima, mfanyabiashara, mtumishi wa umma, mstaafu. Mzee wangu ni marehemu. Marehemu hayumo, na kile kinyota chekundu hakikuruhusu kuacha wazi. Nikamstaafisha.

Ukibonyeza "nimeolewa", kinafunguka kisehemu kingine: jina la mume, kazi yake, na je, ameridhia ukae mbali? Jirani yangu ni mhudumu, aliomba hapohapo; alipoweka kwamba ameoa, fomu ikampitisha bila neno. Mimi nilidhani naomba kazi, kumbe naposwa upya. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, kifungu cha 7, inakataza kumbagua mtu kwa kabila, dini, ndoa au ujauzito, na inamlinda hata anayeomba kazi. Labda watasema kuuliza si kubagua. Haya, sasa majibu wanayataka ya nini?

Mengine ni ya kuchekesha tu. Una gari binafsi? Kutoka nyumbani hadi kazini ni kilomita ngapi? Jamani, kambini tunalala hukohuko, kwenye mahema ya wafanyakazi nyuma ya jiko. Unachapa maneno mangapi kwa dakika? Ungekuwa mnyama, ungekuwa yupi? Nikaandika nyumbu, kwa kuwa naye anafuata msimu.

Upishi wenyewe umepewa mstari mmoja: "uzoefu (miaka)". Hakuna anayeuliza kama nina cheti cha kupimwa afya, kitu ambacho bwana afya akiingia jikoni ndicho anachoanza nacho. Hakuna anayeuliza kama naweza kuumua mkate na kuuoka kwa mkaa usiku wa baridi, au kufunga chakula cha wageni wanaotoka kabla ya alfajiri. Au hili: mboga zimetoka Soko la Kilombero, zimepanda gari, zimepigwa vumbi njia nzima. Siku ya kwanza una letusi. Siku ya tano letusi imekuwa maji, umebaki na kabichi, karoti na viazi, na mezani yupo mgeni asiyekula nyama na mwenzake ambaye karanga zinaweza kumuua. Unampikia nini, na mwiko upi hugusi? Mpishi wa porini utamjua kwa jibu la swali hilo.

Cha ajabu, dada aliyenipigia baadaye aliuliza karibu hayo hayo. Alitaka kujua gesi ikiisha katikati ya chakula cha jioni nafanyaje. Tukaongea vizuri, hata nilisahau kwamba nilishamtaja mume. Ile fomu sidhani kama alikuwa ameisoma.

Kama unaomba: majibu marefu yaandike kwanza pembeni kwenye simu, kwa sababu ukikawia ukurasa unakutoa na unaanza upya. Pale pa "mambo upendayo" weka nukta tu, inapita. Na pale pa "maelezo mengine", mwisho kabisa, ndipo uandike unachojua kupika.

Nyota mbili kati ya tano, na zote mbili ni za yule dada.